Mvumo Ndani ya Sipiyu

Steve Jobs hakuipenda feni. Kampuni ya Apple ilipokuwa ikiiandaa Apple II, aliona kwamba mashine itakayokaa nyumbani kwa mtu haifai kuvuma kama kifaa cha kiwandani. Mzigo akatwishwa mhandisi Rod Holt. Pawasaplai nyingi za siku zile zilikuwa na transfoma nzito na zilipoteza umeme mwingi kama joto tupu. Holt akaunda nyingine iliyokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, ndogo, nyepesi na isiyochemka. Apple II ikaingia sokoni mwaka 1977 bila feni.

Ukimya huo haukudumu. Mashine ilikuwa na nafasi nane za kuchomeka kadi, na wenye fedha walizijaza. Joto likapanda. Kampuni ya Kensington ikanusa biashara, ikaanza kuuza System Saver, kiboksi chenye feni cha kupachika ubavuni mwa kompyuta. Watu waliolipia mashine isiyo na feni wakarudi dukani kununua feni.

Gharama ya ukaidi ilionekana wazi zaidi kwa Apple III ya mwaka 1980. Nayo haikuwekewa feni. Joto lilitarajiwa litokee kwenye kasha lake zito la alumini. Chipu zikawa zinalegea kwenye soketi, na ushauri wa kiufundi uliotolewa unachekesha hadi leo: inyanyue mashine inchi chache juu ya meza, kisha iachie idondoke, huenda chipu zikakaa sawa. Takriban mashine 14,000 za mwanzo zilibadilishwa. Jerry Manock, aliyebuni kasha lile, alikataa kubebeshwa lawama, akisema kosa kubwa lilikuwa kwenye bodi ya saketi. Huenda alikuwa na haki, lakini somo halikuingia. Macintosh ya mwaka 1984 ilitoka tena bila feni, ikitegemea hewa ya moto ipande yenyewe hadi kwenye matundu ya juu, na wapo walioibandika jina la kibaniko cha mkate. Jobs aliondoka Apple mwaka 1985. Miaka miwili baadaye Macintosh SE ikaja na feni tumboni, tena yenye kelele kiasi kwamba matoleo ya baadaye yaliwekewa nyingine.

Kwa upande wa IBM hapakuwa na ugomvi wa namna hiyo. PC yake ya mwaka 1981 ilikuwa na feni ndani ya pawasaplai, na feni hiyo moja ilivuta hewa ya kasha zima, lile kasha ambalo Afrika Mashariki tumezoea kuliita sipiyu ingawa sipiyu yenyewe ni chipu tu iliyomo ndani. Pawasaplai nzima ilitoa wati 63.5. Prosesa ya 8088, yenye mwendo wa megahezi 4.77, ilikaa kwenye bodi ikiwa tupu, bila kipande cha chuma cha kuipoza.

Mambo yaligeuka miaka ya tisini. Chipu za 486 zilipofika megahezi 66 mwaka 1992, zilihitaji kuvishwa mapezi ya alumini ya kupozea. Mwaka uliofuata ikaja Pentium, iliyokula wati kama 15, na kifeni kidogo cha kukaa juu ya mapezi hayo kikawa jambo la kawaida. Hapo ndipo wanaojiundia kompyuta nyumbani walipoanza kuijua sauti mpya: mlio mwembamba wa kitu kidogo kinachozunguka kwa haraka.

Kisha tamaa ikaingia. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, chipu ya bei nafuu ya megahezi 300. Vijana waligundua kwamba ukipandisha mwendo wa njia ya data kutoka megahezi 66 hadi 100, nyingi kati ya chipu hizo zilikimbia megahezi 450, sawa na ndugu yao wa bei kubwa. Sharti lake lilikuwa upozaji. Watu wakaanza kuhangaikia mapezi ya shaba, pesti ya kupozea na feni zenye nguvu za kampuni ya Delta ya Taiwan. Kulikuwa na moja ya milimita 60 iliyozunguka karibu mara 7,000 kwa dakika na kupiga zaidi ya desibeli 45. Aliyelala chumba kimoja na mashine ya aina hiyo hakuhitaji kuelezwa maana ya takwimu hizo.

Viwanda navyo vilikuwa kwenye mbio zilezile. Mwezi Februari 2001 Pat Gelsinger wa Intel aliwaonya wahandisi wenzake kwamba chipu zikiendelea kwa mwendo ule, joto katika kila sentimita ya mraba lingefikia lile la tanuri la nyuklia, baadaye la mdomo wa roketi. Mwaka huohuo ilisambaa video ya Tom's Hardware iliyoonyesha prosesa ya Athlon ya AMD ikiungua na kufuka moshi papo hapo baada ya kuvuliwa mapezi yake, huku Pentium 4 ikipunguza mwendo na kunusurika.

Kelele ilifika kileleni kati ya mwaka 2002 na 2004. Power Mac G4 ya mwaka 2002 ilivuma hadi ikaitwa handaki la upepo, na Apple ikalazimika kuwapa wateja feni na pawasaplai mbadala. Nvidia ilitoa kadi ya michoro ya GeForce FX 5800 Ultra, iliyokalia nafasi mbili na kulia kama kifyonza vumbi. Kampuni yenyewe ikatengeneza video ya kujidhihaki kwa ajili ya feni hiyo. Mwaka 2004 zikaja Pentium 4 za kizazi cha Prescott, ambazo baadhi zilifikia wati 115, sehemu ya wati hizo ikiwa umeme unaovuja tu ndani ya chipu. Oktoba mwaka huo Intel iliachana na mpango wa Pentium 4 ya gigahezi 4, na bosi wake, Craig Barrett, akapiga magoti jukwaani huko Orlando kuomba msamaha. Ulikuwa utani, ila magoti yaligusa sakafu kweli.

Ukimya ulirudi kwa njia ambayo Jobs hakuifikiria. Feni haikuondolewa, ilikuzwa.

Yeyote aliyekaa chini ya pangaboi anaijua siri yenyewe. Mabawa mapana yanayozunguka polepole hupepea chumba kizima bila kumkatiza mtu maongezi, ilhali kikaushio cha nywele, chenye feni ya kukaa kiganjani, hupiga ukelele. Ukipunguza mwendo wa feni kwa nusu, hewa hupungua kwa nusu, lakini kelele hushuka kwa desibeli kama 15, na sikio huhesabu kila desibeli 10 kama kupungua kwa nusu. Feni ya milimita 120 ina eneo la mara 2.25 ya ile ya milimita 80. Kwa hiyo inaweza kusogeza hewa ileile ikizunguka taratibu zaidi.

Waundaji wa nyumbani walilijua hilo mapema, wakawa na ujanja wao. Badala ya kuipa feni volti 12, waliunga waya mmoja kwenye volti 12 na mwingine kwenye volti 5, ikabaki na tofauti ya volti 7. Diski ziliwekewa mipira ili mtetemo usiingie kwenye bati. Baadaye plagi ya waya nne iliiruhusu bodi yenyewe kuongoza mwendo wa feni, kwa mapigo ya kilohezi 25, ambayo sikio la binadamu haliyasikii.

Mapezi nayo yalibadilika kwa msaada wa mrija wa joto, kifaa alichokibuni upya George Grover kule Los Alamos mwaka 1963 na ambacho kilitumika kwenye satelaiti. Ni bomba la shaba lililozibwa pande zote, lenye maji kidogo na kitu mfano wa utambi ndani. Maji huvukizwa upande wa prosesa, mvuke hukimbilia mapezini, hupoa, kisha utambi huyarudisha. Kwa bomba hilo mapezi yaliweza kuwa makubwa kama tofali, na feni kubwa ikapata pa kukaa. Noctua ya Austria, iliyoanza mwaka 2005, ilijijengea jina kwa feni za rangi ya kahawia ambazo wengi huziona mbaya na bado huzinunua. Katika feni yake ya mwaka 2018, NF-A12x25, nafasi kati ya ncha ya bawa na fremu ni nusu milimita.

Hesabu hizi zote, hata hivyo, hutegemea hewa inayoingia. Feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba. Mashine iliyopimwa Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 20, ikiletwa Dar es Salaam kwenye nyuzi 32, huanza safari ikiwa na deni la nyuzi 12, na feni hulilipa kwa kuongeza mwendo. Vumbi likiziba mapezi, deni linakua, na fundi atalipunguza kwa blowa inayopiga kelele kuliko feni zote zilizomo.

Kuanzia mwaka 2014 kadi nyingi za michoro zimeundwa zisimamishe feni kabisa zisipokuwa na kazi nzito. Kazi nzito yenyewe imekua: kadi ya RTX 4090 ya mwaka 2022 hula hadi wati 450, zaidi ya mara saba ya pawasaplai nzima ya PC ile ya IBM. Na feni zilipotulia, wenye masikio makali wakaanza kulalamikia sauti nyingine iliyokuwa imefunikwa miaka yote, mluzi mwembamba wa koili za shaba zinazotetemeka kwenye bodi umeme unapopita.