Uchungu wa mgagani na uchungu wa kisamvu: upi ubaki, upi uondolewe?

Mgagani ni mboga ya majani inayoota yenyewe mashambani na kandokando ya nyumba katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, na siku hizi hulimwa pia kwa ajili ya soko. Wanyarwanda huiita isogi, Waganda jjobyo, Wakisii chinsaga na Wajaluo dek. Katika baadhi ya jamii za Kenya hupewa wanawake waliojifungua ili warudishe nguvu. Kwa sababu ya uchungu wake, wapishi wengi huichemsha, humwaga maji, kisha huichemsha tena.

Maji hayo hayaondoki na uchungu peke yake.

Kinachotia uchungu

Uchungu wa mgagani hutokana hasa na kemikali asilia ziitwazo glukosinoleti, ambazo zimo pia katika kabichi, sukumawiki na haradali. Jani likiwa zima, kemikali hizo hukaa mbali na kimeng'enya chake. Jani linapokatwa au kutafunwa, viwili hivyo hukutana na kutoa isothiosianeti, yenye harufu kali inayowafukuza wadudu. Wanasayansi wanaichunguza kwa uwezo wake wa kupunguza uvimbe na kuzuia seli za saratani, ingawa sehemu kubwa ya matokeo imetoka maabarani na kwa wanyama, si kwa wagonjwa.

Mgagani una pia flavonoidi, vitamini C na beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayohitajika kwa macho na kinga ya mwili. Glukosinoleti na vitamini C huyeyuka katika maji, na vitamini C huharibiwa pia na moto. Kila chungu kinapomwagwa, sehemu ya faida hizo humwagika nacho. Beta-karotini haiyeyuki katika maji bali katika mafuta. Kwa hiyo desturi ya kupika mgagani kwa maziwa au malai hupunguza ukali wa ladha na wakati huohuo huusaidia mwili kufyonza kirutubisho hicho.

Kisamvu ni jambo jingine

Si kila uchungu wa kuachwa. Majani ya muhogo, yaani kisamvu, isombe kwa Wanyarwanda na sombe mashariki mwa Kongo, yana linamarini. Jani likipondwa, kimeng'enya huivunja linamarini na hatimaye hutoka sianidi, ambayo ni sumu. Kutwanga vizuri kabla ya kupika huifungua sumu hiyo, na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika huifanya itoke na mvuke. Anayepika majani yasiyopondwa vizuri hukiua kimeng'enya kwa moto kabla hakijamaliza kazi, na sehemu ya linamarini hubaki chunguni. Hivyo kinu si cha kulainisha tu, bali ni kinga ya mlaji.

Jikoni

Kwa mgagani, inafaa kuchuma majani machanga kabla mmea haujachanua, kuyaosha kabla ya kuyakata, kuyapika kwa maji kidogo na kwa muda mfupi, na kuongeza mafuta au maziwa. Ndimu iliyokamuliwa wakati wa kula husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika majani. Chai inayonywewa pamoja na mlo huuzuia. Kwa kisamvu, muda wa kutwanga na kuchemsha usipunguzwe, hata kuni au mkaa ukiwa ghali.

Chakula si badala ya dawa

Sifa za mboga hizi zimewafanya baadhi ya wauzaji kuzinadi kama tiba ya kisukari, shinikizo la damu na hata saratani. Sahani ya mboga hulinda afya, lakini haijathibitishwa kuponya maradhi hayo, na mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu ya mboga. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula bila kushauriana na daktari, kwa sababu vitamini K iliyomo katika mboga hizo hupunguza nguvu ya dawa hiyo.