Mshahara upi unahesabiwa kwa pensheni?

Katika parokia yetu yuko mzee mmoja aliyeendesha motokari ya mizigo kwa bwana mmoja miaka 29. Siku alipopokea pensheni yake ya kwanza alizihesabu feza mara tatu, halafu akaja kuniuliza kama karani amekosea. Tulikaa barazani, tukafungua makaratasi yake yote, moja moja. Karani hakukosea. Alihesabu sawasawa mshahara ulioandikwa. Lakini mshahara ulioandikwa haukuwa ule mzee aliokuwa akipokea mkononi.

Mambo hayo hayakuanza jana, wala hayakuanzia kwetu. Tuyafuate tangu mwanzo.

Wabelgiji walipata ufalme wao mwaka 1830. Nchi ilikuwa changa bado, na makarani wa Leta walianza kuzeeka. Tarehe 21 Julai 1844 ikatoka sheria kubwa ya pensheni za watu wa serikali na za mapadri. Msishangae kusikia mapadri humo: katika Ubelgiji mishahara ya mapadri hulipwa na Leta, basi na uzee wao uliangaliwa pamoja na ule wa makarani.

Sheria hiyo iliweka hesabu ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuishika. Chukua mishahara ya mtu ya miaka mitano ya mwisho. Ijumlishe, uigawanye kwa tano. Hiyo ndiyo kadiri ya mshahara wake. Halafu kwa kila mwaka aliotumika mpe sehemu moja ya 60 ya kadiri hiyo.

Tufanye mfano. Karani alipata franka 1.000 kwa mwaka, miaka mitatu, halafu 1.200, miaka miwili. Jumla ni 5.400, na kadiri yake 1.080. Sehemu moja ya 60 ni franka 18. Kama ametumika miaka 30, atapata 18 mara 30, ndiyo 540 kwa mwaka: nusu kamili ya kadiri yake.

Kwa nini miaka mitano, wala si mshahara wa mwezi wa mwisho tu? Fikirini wenyewe. Kama mwezi wa mwisho peke yake ungetosha, mkubwa mwenye moyo mwema, au mwenye ndugu katika ofisi, angempandisha mtu cheo siku chache kabla ya kustaafu, na Leta ingelipa bure mpaka kifo chake. Na kwa nini si mishahara ya maisha yote? Kwa sababu mshahara wa ujana ni mdogo, na ukiuchanganya na ule wa mwisho unaivuta kadiri chini. Basi waliotunga sheria walitafuta njia ya katikati.

Njia hiyo ilidumu miaka zaidi ya 160. Mwishoni mwa 2011 Wabelgiji waliibadili: kwa watu wa serikali waliozaliwa tangu 1962, hesabu ikawa ya miaka kumi ya mwisho. Waweza kusema, kumi au tano, kuna tofauti gani? Turudi kwa karani wetu. Tuseme katika ile miaka mitano ya kwanza alipata franka 800 kila mwaka. Jumla ya miaka kumi ni 9.400, kadiri 940, na pensheni yake 470. Amepoteza franka 70 kila mwaka mpaka kufa, na hakuna mtu aliyegusa ile sehemu moja ya 60. Ndiyo maana nasema: mtu akikuonyesha sheria ya pensheni, usitazame kwanza sehemu unayopewa. Tazama mshahara gani unakatwa sehemu hiyo.

Sasa tuje kwetu. Wafanyakazi Waafrika wa Kongo na wa Ruanda-Urundi walingoja sana. Sheria ya pensheni yao ilitoka tarehe 6 Juni 1956, miaka 112 baada ya ile ya makarani wa Ubelgiji. Mwaka mmoja baada ya uhuru, tarehe 29 Juni 1961, serikali iliunganisha sanduku tatu, la pensheni, la posho za watoto na la walioumia kazini, ikafanya chombo kimoja kilichoitwa INSS. Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadili utaratibu huo, na leo mahali pa INSS pamekaa CNSS.

Lakini swali la mzee wetu lilibaki lilelile: mshahara ni nini? Zamani katika migodi ya Katanga mtu alipewa feza kidogo mkononi, pamoja na posho ya unga na nyumba katika kambi. Alikula na kulala kwa kazi yake, ila si vyote viliitwa feza. Kanuni ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inajibu swali hilo wazi. Inahesabu kuwa mshahara: malipo yenyewe, komisyoni, zawadi za kazi, nyongeza ya ugumu wa maisha, malipo ya saa za ziada, hata samani ya vitu anavyopewa mtu. Haihesabu: matunzo ya ugonjwa, nyumba au feza ya nyumba, posho ya watoto ya sheria, feza ya usafiri wa kwenda kazini, na gharama za safari.

Hapo ndipo mzee alipopotea. Wachukueni watu wawili wanaopokea kila mmoja franka 500.000 kwa mwezi. Wa kwanza karatasi yake inasema: malipo 300.000, zawadi ya kazi 30.000, nyumba 90.000, usafiri 80.000. Kwake zinahesabiwa 330.000. Kwa pensheni hukatwa 5 kwa mia, ndiyo 16.500, na bwana wake huongeza kiasi hichohicho. Wa pili karatasi yake inasema: malipo 200.000, nyumba 150.000, usafiri 150.000. Kwake zinahesabiwa 200.000 tu, naye hukatwa 10.000. Mwisho wa mwezi wa pili anacheka, maana anarudi nyumbani na feza zaidi ya mwenzake. Mzee wetu alikuwa huyo wa pili. Aliniambia mwenyewe ya kwamba katika ujana wake alimshukuru bwana wake kwa kumkata kidogo.

Lipo tena jambo moja, ambalo kwalo hakuna karani wala bwana wa kulaumiwa peke yake. Kadiri ya mishahara ya zamani ina maana kama feza yenyewe imesimama. Yetu haikusimama. Mwaka 1967 franka 1.000 zilifanywa zaire moja, na zaire moja ikawa makuta 100. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 zilifanywa zaire mpya moja. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zilifanywa franka moja. Zidisheni: franka moja ya 1998 ni zaire za kale 300.000.000.000. Mtu aliyekatwa pensheni kwa uaminifu miaka ya 1970 na 1980, mshahara wake wa wakati ule, ukiuandika kwa franka, hauonekani hata kwa miwani. Huko Ubelgiji walikuwa wameweka sheria mwaka 1969 ili pensheni za watu wa serikali zifuate mishahara ya wale walio bado kazini, zipande pamoja nayo. Bila dawa ya namna hiyo, hesabu huwa ya haki katika karatasi, na chungu jikoni huwa tupu.

Mzee hakupata nyongeza. Miaka iliyoandikwa imekwisha andikwa. Lakini mwanawe anafanya kazi katika duka la vyuma mjini, na sasa kila mwisho wa mwezi baba humwomba amletee karatasi yake ya mshahara. Huvaa miwani, huruka jumla ya chini, na kuweka kidole kwenye mstari wa malipo yanayohesabiwa. Mwezi wa tatu tu wa kusoma hivyo aliona ya kwamba saa za ziada za kijana zimeandikwa chini ya jina la usafiri. Kijana alikwenda kuuliza ofisini. Mwezi uliofuata mstari ulikuwa umebadilika.