Taekwondo na mazoezi makali mafupi: Lipi litangulie?

Mchezaji wa taekwondo anayeishi Kangemi au Kawangware na kufanya kazi katikati ya jiji la Nairobi hana saa nyingi za mazoezi. Si ajabu basi kuvutiwa na mtindo uliochunguzwa na mwanasayansi Mjapani, Izumi Tabata, mwaka wa 1996: kujikakamua kwa sekunde 20, kupumzika sekunde 10, kisha kurudia mara saba au nane. Ni dakika nne hivi, ingawa wanaousifu husahau kuhesabu muda wa kupasha misuli joto.

Jambo lisilotajwa sana ni kwamba vijana wa Tabata walikuwa wakiendesha baiskeli isiyosogea. Baiskeli hiyo haidai ustadi, teke hudai. Mguu uliochoka hurusha teke lililopinda, goti huumia, na mwili huzoea kosa hilo.

Kwa hivyo ustadi utangulie miguu ikiwa mibichi, na makali yaje mwishoni, tena kwa zoezi sahili kama vile kupanda ngazi mbio. Mara mbili kwa wiki zatosha, mradi isiwe siku ya kuamkia pambano. Pambano lenyewe huwa na raundi mbili au tatu za dakika mbili mbili, na hapo ndipo pumzi hii hufaa.

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Aliyewasili majuzi kutoka Mombasa aanze na mizunguko minne tu.