Vipi Mwanadamu Alijifunza Kuruka



Baada ya sala ya alasiri alinijia barazani mzee mmoja wa mtaani kwetu, nahodha wa zamani aliyekwisha kuacha bahari, akiwa na jambo linalomkera. "Maalim," akaniambia, "huyu mjukuu wangu amemaliza skuli, na neno lake ni moja tu: urubani. Kutwa yuko mbele ya kompyuta akirusha ndege ya uwongo. Nimwache au nimkataze?"

Sikumjibu papo hapo, na sababu yangu ni hii. Miaka mingi nyuma mzazi mwengine aliniuliza suala hili hili, nami nikamjibu haraka kama mtu ajuaye: kwamba hiyo ni kazi ya kucheza na mauti, amtafutie mwanawe kazi ya ofisini. Akanisikiliza. Yule kijana akaacha, na hata leo tukikutana njiani hunipa mkono kwa adabu, nami huona haya. Nilikata shauri katika jambo nisilolijua. Basi safari hii nilimwomba mzee anipe siku chache, nikasoma, na niliyoyapata ndiyo ninayokuandikia hapa.

Kwanza jina lenyewe. Neno rubani halikuzaliwa na ndege. Latokana na Kiarabu, na kabla ya ndege lilikuwa neno la bahari: yule mjuzi aongozaye chombo kikapita miambani na kuingia bandarini. Babake Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari wa karne ya 15, alikuwa na lakabu ya Rubani wa Bara Mbili, yaani pande mbili za Bahari ya Sham. Na mabaharia wa Bahari ya Hindi walimwita mjuzi wao wa nyota na njia "muallim", neno lile lile mnaloniitia mimi chuoni.

Sasa tuje kwenye kuruka. Katika Cordoba ya Andalusi, karne ya 3 ya Hijria, alikuwako mtu jina lake Abbas ibn Firnas, mshairi na fundi wa mambo mengi. Alijivika manyoya, akajifanyia mbawa mbili, akajirusha hewani. Wasimulizi wasema alikwenda masafa ya kutajika, lakini katika kushuka akaanguka vibaya na kuumia mgongo; na sababu wameieleza, kwamba nyuni hutua kwa msaada wa mkia, na Ibn Firnas hakujifanyia mkia. Habari hii twaipata kwa al-Maqqari, aliyeandika katika karne ya 17, yaani zaidi ya miaka 700 baadaye, na sisi watu wa madrasa hatuwezi kuipita isnadi kama hiyo bila ya kuinua nyusi. Walakini upo ushairi wa mtu wa zama zake uliotaja kuruka kwake, basi habari haikosi mguu wa kusimamia.

Wa pili ni al-Jawhari, ambaye kila aliyesoma lugha ya Kiarabu amjua, mwenye kamusi ya as-Sihah. Huyu alipanda dari ya msikiti huko Nishapur, na wapo wasemao ni dari ya nyumba yake, mwanzoni mwa karne ya 11 ya Miladi. Akajifunga mbao mbili za mlango kwa kamba, akawaambia watu kuwa atafanya jambo ambalo hajatanguliwa nalo na mtu, akaruka, akafa.

Sikuwataja mabwana hawa kwa kujifaharisha, kama tupendavyo kufanya katika hotuba zetu. Nimewataja kwa ajili ya kosa lao. Akili walikuwa nayo, na ushujaa walikuwa nao. Walichokosa ni mahali pa kukosea. Mtoto akikosea herufi kwenye ubao wake hufuta akaandika tena. Aliye juu ya dari ana nafasi moja.

Mjerumani Otto Lilienthal alilifahamu jambo hili nusu yake. Tangu 1891 alijizoeza kuanzia vilima vidogo, hata akajijengea kilima chake mwenyewe karibu na Berlin, akaruka na mbawa zake kiasi cha mara 2,000. Mwezi wa Agosti 1896 upepo ulimwangusha, akafa siku ya pili yake. Baadaye Wilbur Wright wa Marekani alipiga hesabu, akaona kwamba kwa miaka yote mitano ile Lilienthal alikaa hewani kiasi cha saa tano tu zikijumlishwa. Wright alikuwa fundi wa baiskeli, akauliza kwa mfano wa kazi yake: nani angethubutu kupita na baiskeli katika njia iliyojaa watu kwa mazoezi machache namna hiyo? Ndipo yeye na nduguye Orville, kabla ya kutia injini yoyote, wakajizoeza juu ya michanga ya Kitty Hawk kwa ndege isiyo na injini, na mwaka 1902 peke yake wakaruka kiasi cha mara 1,000. Tarehe 17 Desemba 1903 walipotia injini, ile safari ya kwanza ilikuwa ya sekunde 12 na mita 36. Watu huisimulia siku ile, wakaisahau michanga.

Ndege zilipoenea kukazuka shida ya kufundisha. Wafaransa walitengeneza ndege za mbawa fupi zisizoweza kupaa, wakaziita pengwini, jina la nyuni wa nchi za barafu asiyeruka, mwanafunzi akaziendesha uwanjani mpaka mkono uzoee. Wenye ndege za Antoinette walichukua pipa lililokatwa nusu, wakamkalisha mwanafunzi juu yake, wenziwe wakalitikisa huku na huku naye akijaribu kulisawazisha. Usicheke, lile pipa ndilo babu wa mashine zote za kufundishia urubani. Na mwaka 1917, vita vya kwanza vikiwa vimepamba moto na vijana wengi wakifa mafunzoni hata kabla ya kumwona adui, Mwingereza Robert Smith-Barry alianzisha chuo huko Gosport: mwalimu na mwanafunzi katika ndege moja, kila mmoja na usukani wake, na mpira wa kusemea baina yao. Hakuwaficha wanafunzi hatari. Aliwatia ndani yake makusudi, ndege ikizunguka kama jani lianguka­lo, mwalimu yupo, akawaonyesha njia ya kutoka.

Lakini alibaki adui mmoja, naye ni wingu.

Ndani ya sikio la mwanadamu mna vijifereji vyenye maji, na hayo ndiyo yatujulishayo kuwa tunageuka. Ardhini yatutosha, kwa kuwa macho hushuhudia pamoja nayo. Ukiingia winguni macho hayana la kusema. Ndege ikigeuka polepole kwa muda, maji yale hutulia, na rubani huhisi anakwenda sawa. Akiinyosha kikweli, huhisi anageukia upande wa pili, basi huirudisha kule kule kwenye kosa akidhani anarekebisha, na ndege huzunguka ikishuka mpaka chini. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kiliwajaribu marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa vipimo, wakazuiwa kuona nje. Wote 20 walishindwa kuimiliki ndege, na wastani wa muda wao ulikuwa sekunde 178. Hata dakika tatu hazikutimia.

Nilipomsomea mzee haya hakustaajabu. "Usiku wa kiza, bahari imechafuka," akasema, "moyo utakwambia pwani iko huku. Ukiufuata ukaiacha dira, asubuhi uko mwambani."

Kwamba inawezekana kuruka kwa vipimo vitupu alilithibitisha rubani Jimmy Doolittle tarehe 24 Septemba 1929, aliporuka, akazunguka na kutua New York amefunikwa asione nje. Lakini Doolittle alikuwa mmoja. Wengine watafunzwa vipi, na kila kosa ni jeneza?

Hapa ndipo aingiapo mtu ambaye kisa chake kimenipendeza kuliko vyote. Edwin Link alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha piano na vinanda katika mji wa Binghamton, jimbo la New York. Mwaka 1920 alilipa dola 50 afunzwe kuruka. Mwalimu akamzungusha angani kwa mbwembwe, wala hakumwachia hata kugusa usukani. (Wapo walimu wa namna hii hata katika vyuo vyetu: husoma wao mpaka muda ukaisha, kisha wakapokea ada.) Link akarudi kiwandani, akachukua vitu alivyokulia navyo, pampu za hewa na mivukuto ya vinanda, iliyo ndugu wa ile ya mhunzi, akaunda sanduku lenye umbo la ndege ndogo, likainuka, likainama na kugeuka kadiri mwanafunzi asukumavyo usukani. Lilikamilika mwaka 1929. Likatiwa kifuniko juu, mwanafunzi akabaki kizani na vipimo vyake, kama aliye winguni. Akikosea, hufunguliwa kifuniko akaambiwa alipokosea, akaanza upya. Ubao ule umepatikana!

Jeshi halikulitaka. Wanunuzi wake wa mwanzo walikuwa zaidi wenye viwanja vya burudani, watu wakilipa kujifurahisha. Kisha Februari 1934 serikali ya Marekani ikalitwika jeshi kazi ya kupeleka barua kwa ndege, katika baridi kali na ukungu, na marubani wake wengi hawakuzoea vipimo. Katika muda wa miezi michache walikufa zaidi ya kumi. Ndipo maofisa wakakubali kuonana na Link. Siku ya miadi uwanja wa Newark ulifunikwa na ukungu, nao wakakata tamaa, wakiamini hapana rubani awezaye kuja. Link akatokea ndani ya ukungu ule ule, akatua. Jeshi likanunua masanduku sita, na vita vya pili vilipokwisha yalikuwa yameundwa zaidi ya 10,000, na marubani kiasi cha nusu milioni wamepitia humo.

Tangu hapo mambo yamekwenda mbio, nami sitayafuata yote. Leo chumba kizima cha rubani huwekwa juu ya miguu sita inayosukumwa na mashine, na picha za uwanja, mvua na usiku mbele yake. Huitwa simuleta. Rubani mzoefu anayehamia aina nyengine ya ndege aweza kufunzwa humo tupu, na mara yake ya kwanza kuishika ndege yenyewe ikawa ana abiria nyuma na mwalimu ubavuni. Na kila baada ya muda hurudishwa humo akatahiniwa, hata awe na mvi.

Kisa kimoja lakini sitakiacha. Tarehe 12 Agosti 1985 ndege ya Japani ilipasuka nyuma, mafuta yanayosukuma vyombo vya usukani yakamwagika yote, wakafa watu 520 katika 524. Huko Marekani mwalimu wa marubani wa shirika la United, Dennis Fitch, alisoma habari hiyo, akaingia katika simuleta akajaribu jambo ambalo hakuna aliyemwamuru: kuiongoza ndege isiyo na usukani kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini tu. Tarehe 19 Julai 1989 Fitch alikuwa abiria katika ndege iliyotoka Denver kwenda Chicago. Injini ya mkiani ikapasuka, vipande vikakata njia zote tatu za mafuta. Nahodha wake, Al Haynes, alipoambiwa kuwa nyuma yuko mwalimu ajitoleaye kusaidia, hakusema mimi ndimi nahodha. Alimwita. Fitch akashika mikono ya injini, wakaishusha kwa vuta nikuvute hata Sioux City, jimbo la Iowa. Ndege ilivunjika na kuwaka moto. Walikuwamo watu 296. Walikufa 112, wakaokoka 184. Baadaye marubani wengine waliwekwa katika simuleta wakapewa ajali ile ile, wasiweze kuitua.

Haynes mpaka kufa kwake hakukubali kuitwa shujaa. Alisema zamani neno la nahodha halikuulizwa, na kwamba wao walikuwa wamefunzwa kushauriana, kila mmoja aseme alijualo. Lau si hivyo wasingefika. Sisi neno shura twalihifadhi tangu utotoni. Wao walilitia katika masomo, likatahiniwa.

Basi nilimjibu nini mzee? Nilimwambia kwanza kwamba mchezo wa kompyuta, ambao kampuni ya Microsoft ilianza kuutoa mwaka 1982, si chuo. Hauna mwalimu, na hauna hofu. Kwa kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya mwanzo yataka saa zisizopungua 40, na mwenye kutaka kuwa nahodha wa ndege kubwa za abiria atimize 1,500. Gharama yake ni kubwa, na mtoto lazima apimwe macho, masikio na moyo kabla ya familia kuuza chochote. Nimesikia ya walioanza kwa kuuza shamba wakaishia kwa daktari. Nikamtajia chuo cha Soroti, Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na kwa kuwa ana wajukuu wa kike pia, nikamsimulia habari za Lotfia El Nadi wa Misri, aliyekosa pesa za masomo akafanya kazi ya ukarani katika chuo cha urubani ili afundishwe, akimficha babake. Mwaka 1933 alipata leseni, wa kwanza katika wanawake wa Misri. Babake alikasirika, kisha akapanda ndege pamoja naye wakazunguka juu ya mapiramidi.

Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema nije nyumbani nimwone huyo kijana mwenyewe.

Nilikwenda baada ya isha. Kijana akanikalisha kwenye kiti chake, akanionyesha dira, kipimo cha kimo na kile cha upeo, akaniambia nitue Mombasa. Mara ya kwanza niliingia baharini. Mara ya pili nilipita uwanja nisiuone. Mara ya tatu niliugonga chini kwa pua ya ndege, na babu yake akacheka mpaka akakohoa. Nilitaka kuinuka, kijana akanizuia kwa mkono begani, taratibu, akasema maneno niliyomwambia yeye alipokuwa na miaka saba, akikwama katika juzuu ya kwanza: "Rudia, Maalim. Tangu mwanzo."