Damu ya Isiro na Deni Letu



Katika kitabu hiki cha yubilei mtasoma habari za wamisionari, za makatekista waliotembea kwa miguu, na za mama zetu waliobeba maji ya kufinyangia matofali. Sisi tuliopewa kurasa hizi tuliombwa kuandika juu ya shukrani. Kila siku ya Mungu tunakusanyika mbele ya altare, na Sadaka ya Msalaba inafanywa hai kati yetu. Tunaitika Amina, kisha tunarudi nyumbani. Mtu aliyekombolewa kwa bei kubwa namna hiyo anaishi namna gani tangu kazi moja hata siku ya posho? Hatukutaka kujibu kwa maneno matupu. Tumechagua historia ya binti mmoja wa nchi yetu, ambaye wengi wenu mnavaa sura yake juu ya vitenge vyenu, lakini maisha yake hayajulikani sana kama kifo chake.

Alizaliwa tarehe 29 Desemba 1939 karibu na Wamba, katika kabila la Wabudu. Baba yake aliitwa Amisi, mama yake Isude. Mungu aliwajalia mabinti sita, naye alikuwa wa nne. Nyumbani aliitwa Nengapeta, na katika ubatizo Alphonsine. Jina Anuarite lilikuwa la dada yake mkubwa. Siku ya kuandikishwa masomoni, sista aliyeshika kitabu alichanganya majina ya ndugu hao wawili, na kosa hilo halikusahihishwa tena. Hivi jina ambalo Eklezya nzima inalitamka leo liliingia kwa kosa la kalamu. Tunasema hivyo kwa tabasamu, wala si kwa kumlaumu sista.

Alipokuwa bado msichana mdogo, kamyo moja ilikuja kuwachukua wasichana waliotaka kuingia katika nyumba ya masista wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Naye akapanda pamoja nao kwa siri, mama yake asijue. Tarehe 5 Agosti 1959 alifunga nadhiri zake, akaitwa Sista Marie-Clémentine. Wazazi wake walihudhuria, wakawapa masista mbuzi wawili kuwa alama ya kukubali kwao. Msomaji asidhani ya kuwa sadaka hiyo ilikuwa nyepesi. Kwa desturi yetu binti ni mikono ya nyumba. Yeye ndiye anayemsaidia mama shambani, na kwa ndoa yake ukoo unapata wakwe na wajukuu. Baadaye mama alitamani binti arudi kuwasaidia, naye hakurudi. Tunapoimba juu ya sadaka ya shahidi, tumkumbuke pia mama huyu, maana alimtoa mtoto wake mara mbili.

Huko Bafwabaka Sista Marie-Clémentine alitunza sakristia, alipika, alifundisha watoto katika masomo ya msingi. Habari zake za miaka mitano hiyo ni kazi hizo tu: mavazi ya Misa, chungu cha maharagwe, ubao na chaki. Wahubiri wengi wanaipita miaka hiyo upesi ili wafike kwenye usiku wa Isiro, nasi tunaona ya kuwa wanakosea. Usiku ule ulidumu saa chache. Hakuwa na wakati wa kujifunza uaminifu ndani yake. Alifika akiwa nao tayari.

Katika mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walikuwa wameshika sehemu kubwa ya mashariki na kaskazini ya Kongo. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji waliteremka kwa miavuli huko Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani. Tarehe 26 waliteremka Paulis, yaani Isiro, na baada ya kuwaokoa wageni waliowakuta wakaondoka. Hasira ya waasi ikabaki pamoja na wenyeji. Siku hiyohiyo ya 26, Askofu wa Wamba, Monsinyori Joseph Wittebols, aliuawa. Tarehe 28, mbali sana upande wa kusini, huko Baraka na Fizi karibu na ziwa Tanganyika, waliuawa wamisionari watatu Waxaveri, Luigi Carrara, Vittorio Faccin na Giovanni Didonè, pamoja na Padri Albert Joubert. Wazee wetu wanalijua juma hilo bila kuhitaji kitabu.

Tarehe 29 kamyo nyingine ilifika Bafwabaka. Waasi walisema ya kuwa wanawapeleka masista Wamba kwa usalama wao. Wote 46 walipandishwa. Njiani safari iligeuzwa, wakapelekwa Isiro. Huko Kolonele mmoja wa waasi, Ngalo, alimtaka Sista Marie-Clémentine awe mke wake, naye akakataa. Mama mkubwa wa masista, Mama Léontine Kasima, alimtetea mbele ya silaha bila kurudi nyuma. Ngalo akamwomba mwenzake, Kolonele Pierre Olombe, amsaidie. Usiku Olombe alijaribu kumwingiza kwa nguvu ndani ya motokari, pamoja na Sista Jean-Baptiste Bokuma. Walikataa, wakapigwa vikali, hata mkono wa Sista Bokuma ukavunjika. Sista Marie-Clémentine, alipokuwa akipigwa, alimwambia Olombe ya kuwa anamsamehe, kwa sababu hajui analolitenda. Akachomwa kwa bayoneti, kisha Olombe akampiga risasi. Alikata roho usiku ule, tarehe 1 Desemba 1964. Hakuwa ametimiza miaka 25.

Tunawaomba mliangalie jambo moja ambalo mara nyingi linafunikwa na nyimbo. Olombe naye alikuwa na jina la kikristu, Pierre, jina la Petro mtume. Aliyeua na aliyeuawa walikuwa wana wa nchi moja. Ndiyo maana msamaha wa Isiro ni mgumu kwetu kuliko habari za mashahidi wa Roma ya kale. Huku kwetu watu bado wanajua ni ukoo gani ulimwaga damu ya ukoo gani, katika vita vile na katika vita vilivyofuata, na siku ya Misa wanaketi juu ya benchi moja.

Maiti yake ilizikwa kwanza pamoja na nyingine. Baadaye ilitafutwa na kuzikwa kwa heshima, na sasa kaburi lake limo katika katedrali ya Isiro. Tarehe 15 Agosti 1985 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri huko Kinshasa, wakati nchi yetu ilipoitwa Zaïre. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata heshima hiyo. Katika mahubiri yake Baba Mtakatifu alimsamehe muuaji mbele ya watu wote. Wale wanne wa Baraka na Fizi walingoja zaidi: walitangazwa Wenye Heri huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya vita, sisi tunatafuta tu chakula cha watoto. Basi tuwaelekeze Goma. Floribert Bwana Chui alikuwa kijana mlei wa jumuiya ya Sant'Egidio, mfanyakazi wa ofisi ya serikali inayokagua bidhaa. Zilifika bidhaa za chakula kilichoharibika, naye akapewa fedha ili aziache zipite. Alikataa, kwa sababu watu wangekula sumu. Katika Julai 2007 alitekwa, akauawa akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Hakuna aliyemlazimisha kumkana Kristu kwa kinywa. Waliomba sahihi yake tu juu ya karatasi, nayo hakuitoa.

Nasi je? Hatuwezi kuwaficha wageni wetu habari moja ya nyumba yetu. Tulipokuwa tukijenga upya kanisa, mifuko 14 ya simenti ilipotea. Baada ya miezi, ndugu mmoja alikuja kwa paroko, akaungama mbele ya baraza la parokia ya kuwa ni yeye aliyeiuza. Baraza liligawanyika. Wengine walitaka atengwe na watu wote wajue jina lake. Wengine walisema asamehewe, na neno likome pale. Mzee mmoja aliuliza kama Anuarite aliposamehe alikubali pia kuingia katika motokari. Watu walinyamaza muda mrefu. Mwishoni tukakubaliana: asamehewe, jina lake lisitangazwe, lakini mifuko irudi yote.

Ndugu huyo hana mshahara. Alirudisha mifuko mmoja mmoja, kwa kuuza mihogo na mafuta ya mawese. Mwaka mmoja hakuweza kuleta hata mmoja, kwa kuwa mtoto wake aliugua, na hakuna aliyemdai. Katika kurasa za nyuma za kitabu hiki tumechapa majina ya wote waliotoa mali yao kwa ujenzi. Jina lake halimo, kwa kuwa yeye mwenyewe alisema hakutoa kitu, alilipa tu. Mfuko wa 14 ulifika siku ya posho, juma lililotangulia sikukuu ya Mwenye Heri Anuarite, nao ulitumika kutengeneza ngazi ya mlango wa kando, ule wanaopitia wazee na wagonjwa.