HISTORIA YA VITU VYA NYUMBANI, SEHEMU YA 6: Linux, na herufi mbili kwenye kioo cheusi

Leo tuko kwenye kompyuta. Mama mmoja aliniandikia inboksi kwamba kijana wake wa kidato cha tatu anataka kuweka Linux kwenye kompyuta ya zamani ya sebuleni, akaniuliza kama hiyo ni vitu vya wahuni. Hapana jamani. Ilianzia nyumbani kwa mama wa kawaida tu.

Mama huyo ni Anna Torvalds, mwandishi wa habari wa Helsinki, Ufini, aliyekuwa akiishi kwenye fleti na wanawe Linus na Sara. Baba yake Anna, mzee Leo Törnqvist, alikuwa profesa wa takwimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mzee alinunua kikompyuta aina ya Commodore VIC-20, akawa anamkalisha mjukuu wake Linus mapajani: babu anaandika kwenye karatasi, mtoto anachapa. (Nawapenda sana babu wa hivi.)

Januari 1991 Linus, akiwa na miaka 21, akanunua kompyuta yake mwenyewe kwa malipo ya kidogo kidogo, akichanganya mkopo wa chuo na pesa za zawadi za Krismasi na za siku ya kuzaliwa. Ilikuwa na ramu ya megabaiti 4. Simu ya gigabaiti 2 uliyoshika hapo inaizidi zaidi ya mara 500. Akaanza kujiandikia programu ya kuunganisha kompyuta hiyo na ya chuo kwa laini ya simu. Ikakua, ikakua, mpaka tarehe 25 Agosti 1991 akawatangazia watu mtandaoni kwamba anatengeneza mfumo wa kuendeshea kompyuta, bure, na kwamba ni kitu cha kujifurahisha tu.

Siku moja alitaka kompyuta ipige simu chuoni. Akakosea jina la kifaa, amri ya kupiga simu ikaandikwa juu ya diski yake! Mfumo wa Minix aliokuwa anautegemea ukaharibika. Badala ya kuurudisha, akaamua kazi yote aifanyie ndani ya Linux yake. Ajali hiyo ndiyo iliyoilazimisha Linux isimame kwa miguu yake.

Baadaye mtu mmoja wa Ujerumani akalalamika kwamba kompyuta yake ina megabaiti 2 tu, haitoshi. Linus akatumia Krismasi ya 1991 kuandika njia ya kuifanya kompyuta iazime nafasi kwenye diski pale ramu inapojaa. Mtu mmoja kaeleza shida yake vizuri, watumiaji wote wakapona. Malipo hakutaka, aliomba postikadi. Zikaanza kumiminika nyumbani kwa mama Anna kutoka nchi mbalimbali, Sara akabaki anashangaa kaka yake anajulikana na nani huko.

Sasa tuje kwa familia zilizojaribu kuiweka nyumbani. Toleo la Slackware lilitoka Julai 1993, likiwa kwenye disketi 24. Kwa modemu za wakati ule kushusha disketi moja ilikuwa kama robo saa, na muda wote huo simu ya nyumbani haipigiki. Disketi moja ikiwa mbovu, hata kama ni ya 19, unakwama hapohapo.

Hatua ya hatari ilikuwa kugawa diski. Ukikosea mstari mmoja, kila kilichokuwemo kimekwenda, na nyumba nyingi zilikuwa na kompyuta moja tu, yenye hesabu za baba na kazi za shule humohumo.

Ukimaliza unawasha. Kinachokuja ni neno LILO, jina la programu ndogo inayoamsha Linux. Kila herufi ilitokea baada ya hatua fulani kukamilika. Ikitoka L peke yake na tarakimu, sehemu ya kwanza imeamka lakini haikuweza kuisoma ya pili. Ikiishia LI, sehemu ya pili imepatikana ila imeshindwa kuanza, mara nyingi kwa sababu faili zimehamishwa bila LILO kuambiwa. Dawa: washa kwa disketi ya dharura, endesha LILO upya.

Mimi kama nesi hapa ndo nilipopendezwa. Mama akija kliniki akasema “mtoto anaumwa tu”, tunaanza na sifuri. Akisema “ameharisha mara tano tangu asubuhi na hajakojoa”, ameshanisaidia nusu ya kazi. Hata hawa wa Linux, ukisema “haiwaki” hupati jibu, ukisema “imeishia LI” mtu aliye nchi nyingine anajua pa kugusa.

Kulikuwa na vioo pia, vile vya chogo. Ulitakiwa uchukue kijitabu cha kioo, uandike namba zake za mawimbi kwenye faili. Namba zikizidi uwezo wake, kioo kingeweza kuungua kabisa. Si utani, onyo liliandikwa kwenye miongozo.

Na umeme ukikatika je? Diski ilibidi ikaguliwe yote wakati wa kuwaka tena, dakika nyingi za kusubiri. Mwaka 2001 Linux ikapata ext3, mpangilio wa diski wenye daftari: badiliko linaandikwa kwanza pembeni, ndipo linafanyika. Wodini sisi tunaandika tukishatoa dawa, hii inaandika kabla. Umeme ukirudi inasoma daftari, inaendelea.

Tangu Knoppix ya mwaka 2000, ya Mjerumani Klaus Knopper, unaweza kuijaribu Linux kutoka kwenye CD, na siku hizi flashi, bila kugusa diski. Kijana aanzie hapo. Akifika kwenye kugawa diski, picha za watoto ziwe zimeshanakiliwa sehemu mbili.

Na kwetu ilifikaje? Njia ni nyingi, ila hii naipenda. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kulikuwa na mradi ulioitwa Kilinux, wa kutafsiri programu huria. Desemba 2004 ukatoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia barua na kupigia hesabu, zikizungumza Kiswahili, za bure, zinazofanya kazi kwenye Linux na kwenye Windows pia. Hawakuhitaji kumbembeleza mwenye kampuni yeyote, maana leseni yake ilishawaruhusu kufungua, kubadilisha na kugawa.