Pazia Mbele ya Spika

Aprili 28, 1916, watu waliujaza ukumbi wa Carnegie Hall, New York, kuja kusikiliza mashine. Marie Rappold, mwimbaji wa Metropolitan Opera, alisimama kando ya fonografu ya Thomas Edison, akaimba sambamba na santuri yake mwenyewe. Akafunga mdomo, sauti ikaendelea. Katika maonyesho mengine ya aina hiyo taa zilizimwa, na zilipowashwa mwimbaji hayupo, mashine ndiyo inayoimba.

Kampuni ya Edison iliandaa maelfu ya maonyesho hayo kati ya 1915 na 1925, ikitangaza kwamba hakuna sikio lililoweza kutofautisha. Siri ilitolewa na Anna Case, mmoja wa waimbaji wake mashuhuri, alipokuwa mzee: alikuwa akipunguza sauti na kuifananisha na ile ya mashine. Kumbe mtu ndiye aliyeuiga mfano wake! Siwalaumu waliopigwa na butwaa. Hawakuulizwa kipi ni kipi. Waliitwa washangae, wakashangaa kwa moyo mweupe.

Novemba 1954 Gilbert Briggs, mtengenezaji wa spika za Wharfedale, alifanya jambo la heshima zaidi katika Royal Festival Hall, London. Wapigaji muziki walikuwapo, kanda zilikuwapo, na hadhira ikaachiwa ilinganishe wazi.

Hata hivyo, kusikiliza kwa uwazi kuna mtego ambao nia njema haiutegui. Spika mbili zikipishana kwa sauti kidogo tu, hata chini ya desibeli moja, msikilizaji hasemi kwamba hii iko juu kuliko ile. Husema hii ina uhai, ina besi nzito, mwimbaji yuko karibu. Ndiyo maana ulinganishi wa haki huanza na kipimo kinachosawazisha sauti kabla ya mtu kuketi kitini, na ulinganishi unaofanywa dukani bila kipimo hicho, kwangu, hauna thamani.

Mtego wa pili ni macho. Mtafiti Floyd Toole aliuchunguza kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, kisha akahamia kampuni ya spika ya Harman. Mwaka 1994, yeye na mwenzake Sean Olive waliwasikilizisha watu 40 spika zilezile mara mbili: zikiwa nyuma ya pazia, na zikiwa wazi. Pazia lilipoondolewa, alama zilibadilika. Spika kubwa za kifahari zilipanda. Seti ndogo ya bei nafuu, iliyokuwa imesifiwa nyuma ya pazia, ikashuka. Wasikilizaji hao wote walikuwa wafanyakazi wa Harman, na hata waliozoea majaribio waliyumbishwa na macho yao.